Roshanali Madatali na Ngazi ya Kijivu

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, aliyetenga nuru na giza kabla hajaumba jicho la kuvitazama, tunafungua maneno haya. Amani yake iwafikie ninyi nyote mliokusanyika katika ukumbi huu wa Rexdale: familia ya Madatali, wazee wa jamatkhana wanamosali, ndugu zetu wa makanisa ya Kongo na Burundi, na wakuu wa Karakana ya Thornbeck pamoja na wenzi na watoto wenu. Tunatumaini mmefika salama, na kwamba mliowaacha nyumbani mmewaacha katika hali njema.

Leo, Ijumaa tarehe 31 Oktoba 1997, Bwana Roshanali Madatali anastaafu baada ya kuitumikia karakana yetu kwa miaka ishirini na minne na siku kumi na sita. Siku hizo kumi na sita amesisitiza zitajwe. Alianza kazi Jumatatu tarehe 15 Oktoba 1973 akiwa msaidizi wa mkataji wa vitambaa, na anaondoka akiwa mkataji mkuu. Sisi wafanyakazi wa chumba cha kushonea tunaozungumza Kiswahili tumeombwa tuandike wasifu wake kwa lugha hii, kwa kuwa ndiyo anayoitumia anapohesabu mikunjo na anapokasirika. Hukasirika mara chache. Karibu mara zote sababu imekuwa rangi.

Ni haki msomaji aelezwe tangu mwanzo kwamba wasifu huu umejaa malalamiko. Yalianza kama mzaha wa wakati wa chai kuhusu rangi za mabasi. Yaliendelea hadi yakagusa jambo zito zaidi, nalo ni kama mkewe, Bi. Gulbanu, angeweza tena kutoka nyumbani kwake peke yake, bila kushikwa mkono na mtu.

Bwana Roshanali alizaliwa Tanga mwaka 1932, na alikulia katika duka la vitambaa la baba yake, mtaa wa Ngamiani. Dukani humo alijifunza desturi ambayo hajaiacha hata siku moja. Mteja anayejua kununua hachagui kitambaa ndani. Hukichukua hadi mlangoni, hukiinua juani, hukigeuza, ndipo huuliza bei. Taa ya dukani ni rafiki wa mwenye duka.

Katika mwezi wake wa tatu hapa Thornbeck, akiwa mhamiaji katika nchi hii ya baridi, alitwaa jora zima, akalibeba begani, akatoka nalo nje kwenye theluji. Msimamizi wa wakati huo alimfuata mbio akidhani ni mwizi. Alimkuta amesimama, theluji imemfika vifundoni, ameinua ncha ya kitambaa kuelekea mbinguni na kutulia. Msimamizi, aliyekuwa mtu wa heshima, alidhani mwenzake anasali, akavua kofia na kumsubiri amalize. Alipomaliza, Bwana Roshanali alimweleza kwa upole kwamba kitambaa hicho hakikuwa bluu bali kijani, na kwamba majora arobaini yaliyopokelewa jana yake yafaa yarudishwe. Yalirudishwa. Tangu siku hiyo mlango wa uani wa karakana hufunguliwa kila kitambaa kipya kinapofika, hata kipimajoto kikisoma ishirini chini ya sifuri, na wanaolalamikia baridi huambiwa wavae.

Amewafundisha ukataji watu kumi na tisa, na hakuna hata mmoja aliyepoteza kidole. Wa mwisho wao ni ndugu yetu Télesphore, aliyetufikia kutoka Bukavu mwaka 1993, ambaye leo anachukua meza yake.

Kwa wageni wasioijua kazi yetu: sisi hupokea mabasi yaliyochoka, tukayavua viti, sakafu na nguzo za kushikia, kisha tukayavika upya. Rangi hatuchagui sisi. Huchaguliwa na kamati ya rangi ya Kampuni ya Mabasi ya Ellerby, ambayo mabasi yake hupita Rexdale na kufika hadi mji wa Richmond Hill. Kamati hiyo hufanya vikao vyake katika chumba kisicho na dirisha. Jambo hilo tulilikisia kwa miaka mingi kabla ya kulithibitisha.

Mwaka 1974 kamati ilichagua rangi ya chungwa. Bwana Roshanali aliikata kwa utiifu, kisha akasema kwamba kila atakayeketi juu yake ataonekana ana homa ya manjano, na dereva hatajua amshushe kituoni au hospitalini. Mwaka 1979 ikaja hudhurungi, naye akaiita mchuzi uliolala. Mwaka 1986 yakaja mapembetatu ya waridi na zambarau juu ya bluu. Akatamka kwamba hayo si mapambo bali ni ajali, na kwa miezi mitatu alikata huku amefumba jicho moja, ili, kama alivyosema, apate hasara nusu.

Kisha, mwaka 1991, kamati ikazichoka rangi zote. Iliamuru kijivu: viti vya kijivu, sakafu ya kijivu, nguzo za kijivu, na vidato vya mlangoni vya kijivu kilekile. Waraka ulieleza kwamba kijivu hutuliza mawazo ya abiria. Bwana Roshanali aliusoma mara mbili, akavua miwani.

“Ni kweli kinatuliza,” alisema. “Hata ngazi imetulia. Haionekani kabisa.”

Sisi tulicheka. Yeye hakucheka, maana alijua jambo ambalo hakuwa amemwambia yeyote kati yetu. Bi. Gulbanu alikuwa ameshikwa na presha ya macho, na daktari alikuwa ameonya kwamba atakachokipoteza mapema ni uwezo wa kutofautisha rangi zinazokaribiana. Naye Bi. Gulbanu si mtu wa kukaa ndani. Alikuwa akipanda basi kwenda jamatkhana, akipanda basi kwenda sokoni, na kila Alhamisi akipanda basi kwenda kwa dada yake Zarina huko Richmond Hill. Gari hajawahi kuendesha. Mwanawe Naushad analo, lakini mama yake husema kijana huyo hushika breki kama mtu aliyeona jini.

Hapo ndipo barua zilipoanza.

Mtu aliyelelewa kama Bwana Roshanali hawezi kuingia kwa watu akaanza kulalamika kabla ya kuwajulia hali. Barua yake ya kwanza kwa kamati, ya Novemba 1991, ilikuwa ya kurasa mbili, kwa Kiingereza safi cha shule za zamani. Ukurasa wa kwanza ulimwulizia katibu wa kamati afya yake, usingizi wake na wazazi wake, ukamshukuru Mungu kwa hali ya hewa, kisha ukawasifu madereva, hasa mmoja aliyemsubiri mama mwenye watoto watatu. Ukurasa wa pili uliendelea kusifu hadi chini. Ngazi ilitajwa katika mistari minne ya mwisho, baada ya maneno “ikiwa haitakuwa usumbufu.”

Alijibiwa kwa shukrani nyingi, na katibu akaongeza kwa mkono wake kwamba mama yake anaumwa goti. Basi barua ya pili ikalazimika kuliulizia goti. Kwa miaka mitatu aliandika barua kumi na moja, na kila moja ilizidi iliyotangulia kwa salamu, kwa kuwa ugeni ulikuwa umepungua na habari za kuuliza zilikuwa zimeongezeka.

Ya kumi aliisoma Télesphore wakati wa chakula cha mchana.

“Papa Roshan,” aliuliza, “hii ni barua ya matata ao ya posa?”

“Ni ya ngazi.”

“Ngazi iko wapi? Mistari makumi ine unawaamkia, unawabariki, na ngazi unaitaja ukiwa unatoka mlangoni!”

“Télesphore, baba yangu, hao ni watu ambao hatujuani nao.”

“Hamjuani? Miaka tatu, Papa! Ungekuwa umekwisha kupata wajukuu kwao.”

Mnamo Januari 1995 jarida la Kampuni ya Ellerby lilibandikwa kwenye ubao wetu wa matangazo. Lilisema kwamba mabasi mengine thelathini yatavikwa kijivu hichohicho, kwa sababu kijivu kimependwa. Ushahidi wa mapenzi hayo ulitajwa: barua kumi na moja za pongezi kutoka kwa mkataji mmoja mkongwe wa Thornbeck.

Cherehani zote zilisimama. Télesphore aliketi sakafuni kwa kicheko. “Papa Roshan, umekisifu kijivu mpaka kimezaa watoto makumi tatu!” Tulicheka sote, Mungu atusamehe, hadi tulipomwona Bwana Roshanali akivua aproni yake, akaikunja mara nne, na kurudi mezani bila kugusa chai.

Aliazimia kuandika barua ya kusahihisha. Lakini kumsahihisha mtu, kwa malezi yake, kunahitaji salamu nyingi kuliko kumlalamikia. Alikuwa akitafuta namna ya kumwambia katibu kwamba hakusoma hadi mwisho, bila kumwambia kwamba hakusoma hadi mwisho. Rasimu ya kwanza aliichana. Ya pili aliiona kavu. Wiki tatu zilipita akiipiga barua hiyo pasi kama shati la Idi.

Alhamisi tarehe 9 Februari, Bi. Gulbanu alikuwa akirudi kutoka kwa dada yake. Alishuka kwa mlango wa nyuma. Kidato na sakafu vilikuwa kitu kimoja machoni pake, akakanyaga pasipo na kitu. Alianguka kwenye barafu na kuvunjika kifundo cha mkono wa kulia. Dereva alimfunika kwa koti lake mwenyewe hadi msaada ulipofika. Wema huo tunauandika hapa usipotee.

Hospitalini alimwambia mumewe, “Baba Naushad, mimi sikujikwaa. Nilikanyaga sakafu, na sakafu haikuwepo.” Kisha akasema kwamba basi hatapanda tena.

Hakupanda. Mfupa uliunga, lakini yeye alibaki ndani. Jamatkhana alipelekwa na Naushad mara moja kwa wiki, akishikwa mkono mlangoni. Richmond Hill hakwenda kabisa. Siku zilizobaki aliketi dirishani kwao, ghorofa ya kumi na nne, na kila aliyempigia simu alimwambia kwamba yeye ni mzima na hana analohitaji. Waliomfahamu hawakuamini.

Asubuhi ya pili baada ya ajali, akiwa amesimama kwenye meza ya kukatia, Bwana Roshanali aliandika barua ya kumi na mbili. Haikuwa na salamu. Ilisema, “Ngazi zenu hazionekani. Mke wangu ameanguka.” Akatia sahihi. Télesphore, aliyekuwa amedai ufupi siku zote, aliisoma, akaenda kumtafutia bahasha. Bwana Roshanali aliifunga humo, akasema kwamba hajawahi kumtendea mtu hivyo maishani mwake.

Barua hiyo haikuingizwa katika jalada lolote. Siku nne baadaye mwanamke mmoja alishuka kituoni na kutembea hadi karakanani kwenye theluji, amebeba maua meupe. Alikuwa Bi. Maureen Halloran, katibu wa kamati ya rangi, naye alidhani Bi. Gulbanu amefariki. Alieleza kwamba kwa miaka mitatu hakuna mtu mwingine, ofisini mwake wala nje, aliyemwulizia goti la mama yake. Kurasa za kwanza za barua zile alikuwa akizisoma mara mbili. Kurasa za pili, alikiri huku uso umemwiva, alidhani ni mwendelezo wa salamu. Nasi tunalazimika kukiri kwamba hakukosea sana, isipokuwa kwa mistari minne. Ilipomfikia barua isiyo na salamu kutoka kwa mtu yule, alijua pasipo shaka kwamba jambo baya limetokea.

Tulitarajia Bwana Roshanali amkemee. Alimpa kiti, akamwuliza, “Na goti la mama linaendeleaje?” Bi. Halloran alilia mbele ya watu wote wa chumba cha kushonea.

Baada ya chai, mkataji wetu alimwomba atoke naye hadi uani, kulikokuwa na basi moja la kijivu. Ilikuwa saa kumi na moja na robo jioni, mawingu yametanda, na maji ya theluji yametapakaa sakafuni. Alimwomba apande kwa mbele na ashuke kwa nyuma. Kidato cha kwanza alikishuka vizuri. Cha pili hakukiona. Bi. Halloran aliporomoka, akamdaka Bwana Roshanali mabegani kwa mikono miwili, na akabaki amemshika kwa muda. Macho yake ni mazima, na umri wake ulikuwa miaka thelathini na minane.

“Ingefaa rangi gani?” aliuliza hatimaye.

“Njano.”

Neno hilo moja lilichukua zaidi ya miaka miwili. Kamati ilituma njano ya siagi, kisha njano ya mchanga, kisha njano iliyoitwa ya alfajiri. Kila moja ilipendeza chini ya taa, na kila moja Bwana Roshanali aliibeba hadi mlango wa uani, akaitazama, akairudisha na barua. Salamu zilikuwa zimerejea, ila sasa Bi. Halloran alianza kusoma kutoka chini.

Mei 1996 aliitwa mbele ya kamati yenyewe, katika chumba kile kisicho na dirisha. Walikuwa watu kumi na mmoja. Aliwasalimu mmoja mmoja kwa mkono, na hilo peke yake lilitumia robo saa ya kikao. Kisha akasema maneno ambayo Bi. Halloran alituletea yakiwa yameandikwa.

“Waheshimiwa, maisha yangu yote nimejitahidi kuwa mtu wa adabu. Leo nawaombeni rangi isiyo na adabu. Rangi inayomkatiza mtu maneno. Abiria awe anazungumza na mwenzake, nayo imwambie: wewe, tazama miguu yako!”

Walikubali, ingawa karatasi za kukubali ziliendelea kuzunguka hadi Aprili mwaka huu. Basi la kwanza lenye kingo za njano kwenye vidato, na nguzo za njano pia, lilitoka uani kwetu Jumatatu tarehe 8 Septemba. Kwa ukweli wa Mungu, halipendezi. Njano ile katikati ya kijivu chote ni kama mtu aliyekuja msibani na nguo za arusi. Bwana Roshanali alipoulizwa anaionaje, alijibu kwamba ndiyo rangi mbaya kuliko zote zilizopita mkononi mwake kwa miaka ishirini na minne, na kwamba anamshukuru Mola kwa ajili yake.

Ila Bi. Gulbanu alikataa kulipanda.

“Hiyo njano yenu nimeisikia,” alimwambia mumewe. “Na kijivu nacho nilikisikia, kwamba kinatuliza.”

Hakubishana naye. Alileta nyumbani kipande cha ukanda huo kilichobaki katika ukataji, akakibandika kwenye kizingiti cha baraza. Wiki ya kwanza Bi. Gulbanu alilalamika kwamba kinamwumiza macho. Wiki ya pili malalamiko yaliisha. Wiki ya tatu Bwana Roshanali alimwona akivuka kizingiti na kikombe cha chai mkononi, bila kupapasa ukuta.

Alhamisi ya wiki iliyopita, tarehe 23 Oktoba, alirudi kutoka kazini, akabisha hodi kama ada yake. Hakufunguliwa. Kwa miaka miwili na miezi minane mlango ule haukuwahi kukosa mtu wa kuufungua. Alitumia ufunguo wake. Chakula kilikuwa mezani kimefunikwa, na koti la mkewe halikuwapo msumarini. Alimpigia Naushad, ambaye hakujua lolote, akajibu kwa Kiingereza kwamba yuko njiani. Kabla kijana hajafika, simu ililia.

“Baba Naushad,” alisema Bi. Gulbanu, na nyuma yake Zarina alisikika akicheka. “Chakula kiko mezani, kipashe mwenyewe. Mimi niko Richmond Hill.”

“Nani amekupeleka?”

“Nimejipeleka. Narudi na basi la saa moja. Na usije kituoni, nakuomba. Sitaki mtu wa kunishika mkono.”

Hakwenda. Alisimama dirishani, na Naushad kando yake. Saa mbili kasoro basi lilisimama chini kule, mlango wa nyuma ukafunguka, na hata kutoka ghorofa ya kumi na nne ukanda wa njano ulionekana, usio na adabu hata kidogo. Mtu mdogo mwenye koti jeusi alishuka kidato cha kwanza, akashuka cha pili, akarekebisha mtandio wake, akaanza kutembea kuelekea nyumbani. Mlango ulipogongwa, Bwana Roshanali ndiye aliyeufungua.

Bwana Roshanali, karakana inakushukuru kwa mkono wako ulionyooka na kwa subira yako. Wale kumi na tisa uliowafundisha wanakushukuru kwa vidole vyao vyote. Bi. Gulbanu, tunakushukuru kwa kutuazima mumeo kwa miaka mingi. Tunamrudisha kwako akiwa mzima. Tunawatakia siku nyepesi, afya isiyohitaji kuulizwa mara mbili, na Alhamisi nyingi za Richmond Hill, wawili pamoja au kila mtu kwa njia yake, kama Bi. Gulbanu atakavyoamua.

Na wewe uliyesoma hadi mstari huu, Mwenyezi Mungu akulinde wewe na nyumba yako, walioketi ndani yake na walio njiani kurejea. Ayaimarishe macho yenu na hatua zenu, awape riziki ya halali na usingizi wa amani. Amina.

Gerishon Mwakio
Kwa niaba ya chumba cha kushonea, Karakana ya Thornbeck